Mama, lile boga si zimwi

Saint Paul, Minnesota
10 Novemba

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Kamwene sana. Natumaini barua hii itakukuta salama na mguu umepata nafuu. Sisi hatujambo. Baba Ima anakusalimu, watoto wanakusalimu, na Ima ameshaota yale meno ya mbele aliyokuwa hana kwenye picha ya Pasaka. Kazi ninaendelea nayo, zamu za usiku zilezile.

Nianze na la bati, nisije nikaonekana nalikwepa. Nusu ya hela nimetuma Ijumaa kwenye simu ya Tumaini, na nusu nyingine nitatuma tarehe 15 mwezi wa kumi na mbili. Fundi aanze upande wa jikoni unakolala, asianze barazani kwa sababu ya wapita njia. Mvua zikikaza, baraza litavumilia, kifua chako hakitavumilia.

Sasa Mama, kilichonifanya nishike kalamu. Kwenye simu ningelia, na wewe ukinisikia nalia unasahau yote niliyosema.

Nimesikia kikao kilikaa kwa Baba Mkubwa. Nimesikia picha yangu ilipita mkono kwa mkono, ile niliyomtumia Tumaini nikiwa nimesimama nyuma ya boga lenye macho na meno, na Ima pembeni amevaa fulana nyeusi iliyochorwa mifupa. Nimesikia ilisemwa kuwa nimeingia kwenye sikukuu ya mashetani, na kwamba mjukuu wako amevalishwa maiti. Mkapiga magoti mkaniombea. Kuombewa sikatai, naombeni msiache. Kinachoniuma ni kwamba watu wazima kumi walikaa kwenye viti vyetu na hakuna hata mmoja aliyesema, jamani, tumpigie tumuulize. Halafu Tumaini naye akaongeza kuwa huku tuna hela za kuchezea maboga wakati nyumba ya Mama inavuja. Neno hilo limenikaa kifuani wiki ya pili sasa.

Kwa hiyo nakueleza mwenyewe. Wewe ndiye uliyenifundisha kusema ukweli hata mbele ya wazee, kwa adabu.

Tarehe 31 Oktoba huku ni Halloween, usiku ambao watoto huvaa mavazi ya kuigiza na kupita nyumba kwa nyumba wakiomba pipi. Jina lenyewe linatokana na mkesha wa Watakatifu Wote, kwa sababu kesho yake, tarehe 1 Novemba, ndiyo sikukuu yao. Sitamdanganya Baba Mkubwa: zamani sana, kabla ya Ukristo, watu wa Ireland walikuwa na usiku wao wa kufunga mavuno na kuingia majira ya baridi, wakawasha moto, na waliamini wafu wanatembea. Waireland walipohamia Marekani kwa wingi karne ya 19 walikuja na mila hizo, na boga wakalikuta hukuhuku. Hapo asili yake anaijua vizuri. Lakini yeye ni mzee wa kanisa, na tarehe hiyohiyo, 31 Oktoba 1517, ndipo Martin Luther alipotoa hoja zake 95 kule Wittenberg. Ndiyo Siku ya Matengenezo ya Kanisa, anayotusimulia kila mwaka pale usharikani. Siku moja imebeba yote hayo. Ningependa aniulize mimi nilikuwa upande gani wa siku hiyo.

Nilikuwa upande wa watoto, Mama. Tena nilikuwa mwenyekiti wa kamati. Mimi, binti yako, niliyekuwa naogopa kusoma somo kanisani.

Makanisa matatu na shule moja ya msingi ya serikali hapa mtaani hufanya tamasha la pamoja Jumamosi moja kabla ya tarehe hiyo. Wazazi wengi wanaona ni heri watoto wachukue pipi mahali palipo na taa na watu wanaofahamika, kuliko kuzunguka gizani wakigonga milango. Jambo hili si geni huku. Kaskazini mwetu kuna mji unaitwa Anoka. Wazee husimulia kuwa asubuhi moja baada ya usiku huo watu waliamka wakakuta ng'ombe wanazurura barabara kuu, vijana wamewafungulia. Mwaka 1920 watu wazima wa mji wakaandaa maandamano na sherehe ili watoto wapate la kufanya. Mpaka leo wanaendelea.

Mwaka huu aliyekuwa akiongoza kamati alihama, na kwenye kikao cha Agosti pakawa kimya. Nikanyoosha mkono.

Kazi ilianza na ugomvi. Wengine wa makanisani hawakutaka mavazi ya kuigiza kabisa. Mwalimu mkuu akasema karatasi za mwaliko zinazopita shuleni zisiwe na mahubiri, maana shule ni ya serikali na ina watoto wa dini zote. Na kweli mtaa wetu una Wasomali wengi, wana watoto wazuri wenye adabu, na wazazi wao hawataki neno Halloween mlangoni kwao. Nikawaambia, kwetu Iringa tuna Sikukuu ya Mavuno, na kushukuru kwa mavuno hakumfukuzi mtu. Tuliite Tamasha la Mavuno. Damu isiwepo, silaha za kuigiza zisiwepo, mtu mzima asifunike uso. Mtoto avae anachotaka, akitaka awe twiga, akitaka awe mifupa. Mwanangu kachagua mifupa kwa sababu darasani wanajifunza mwili wa binadamu, na kila mfupa uliopo kwenye ile fulana anaujua kwa jina. Walikubali, wote.

Kuna mambo ambayo nisingeyajua kama nisingeingia humo. Magari huegeshwa kwa mstari kwenye maegesho ya kanisa, mabuti yamefunguliwa na kupambwa, moja kama shamba la mahindi, jingine kama safina ya Nuhu, na mtoto anapita buti hadi buti na mfuko wake. Gari likishaegeshwa injini haiwashwi tena mpaka mtoto wa mwisho ametoka. Barua ya bima inatakiwa. Kila anayesimamia michezo ya watoto anachunguzwa kwanza kama ana rekodi mbaya polisi. Na lazima uwe na mpango wa ndani, maana Minnesota haitabiriki: wazee wanaikumbuka Halloween ya 1991, theluji ilianza siku hiyohiyo ikaanguka siku tatu, ikafika zaidi ya sentimita 70 hapa mjini. Mwaka wetu palikuwa na baridi na upepo tu, watoto wakavaa majaketi juu ya mabawa yao ya malaika.

Hesabu ya pipi niliifanya mwenyewe. Walikuwa wamezoea kumwambia kila mwenye gari anunue pakiti mbili, zikiisha basi. Nikauliza, tunategemea watoto wangapi? Wakasema 400. Magari mangapi? 26. Nikawaandikia ubaoni: kila mtoto akipata pipi moja kila gari, ni pipi 10,400. Pakiti moja kubwa ina 150, kwa hiyo ni pakiti 70, na pakiti mbilimbili kwa magari 26 ni 52 tu, zitaisha saa haijapita. Wakanyamaza. Tukaweka sanduku kwenye mlango wa kila kanisa kuanzia Jumapili ya kwanza ya Septemba, na mpaka siku inafika tulikuwa na pakiti 83. Mkimuona mwalimu wangu wa hesabu pale Kihesa, mwambieni.

Na karanga, Mama. Sisi tunaotia karanga kwenye kila mboga! Huku kuna watoto ambao karanga moja inaweza kuwaziba pumzi. Kwa ajili yao buti likiwa na boga lililopakwa rangi ya samawati iliyoingia kijani, mzazi anajua hapo pana zawadi zisizo chakula: penseli, stika, mipira midogo. Tuliweka mabuti sita ya namna hiyo. Mama mmoja alikuja akanishika mkono, akasema mwaka jana mwanawe alirudi nyumbani wakatoa karibu kila kitu mfukoni mwake. Mwaka huu alibaki na vyake.

Lile boga la kwenye picha nililichonga mwenyewe. Unakata kifuniko juu kwa kisu kilicholala, ili kikirudishwa kisitumbukie ndani. Kisha unaingiza kijiko kikubwa unakwangua zile nyuzi na mbegu, mkono wote unaingia mpaka kiwiko, baridi, unateleza. Harufu yake ni ileile ya jikoni kwako siku ya Jumamosi. Nilisimama pale na mkono ndani ya boga nikashindwa kuutoa kwa muda. Mbegu nilikaanga na chumvi. Macho, pua na meno nilichora kwanza kwa kalamu ndipo nikakata, nikaweka mshumaa ndani. Hilo ndilo zimwi la Baba Mkubwa.

Sasa nifike kwenye jambo ninalotaka ulijue zaidi ya yote.

Michezo ilikuwepo: kuvua samaki wa karatasi nyuma ya pazia, kurusha pete, na mchezo wa keki ambapo watoto wanazunguka juu ya namba zilizoandikwa sakafuni, muziki ukizimwa namba inatajwa, aliyeikanyaga anabeba keki nzima. Ila hela ilikuwa ndogo. Nikasema kwenye kamati, nyumbani mtu asiye na pesa huleta kuku, ndizi au mayai, na baada ya ibada vinauzwa kwa mnada pale nje. Kwa nini watoto wasilete maboga waliyoyapamba, tukayanadi? Wakaniambia, utaongoza wewe.

Mama, nilipanda juu ya robota la nyasi kavu nikanadi maboga 31. Kiingereza kilinitosha, lakini mwisho wa kila boga nilisema kwa Kiswahili: mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu! Kufika boga la tano, umati wote ulikuwa unahesabu nami, Wazungu kwa Wasomali. Boga la binti mmoja wa darasa la pili, lililopakwa nyota nyeupe, lilipanda mpaka dola 85. Mzee aliyelinunua alilichukua, akalitazama, akalirudisha mezani akasema, liuzwe tena. Hakuna aliyemfundisha. Ni kama Mzee wetu alivyokuwa akinunua jogoo kwa bei kubwa halafu anamrudisha madhabahuni, na wewe unamkunja jicho kwa sababu ndiyo hela ya sukari. Machozi yalinitoka palepale juu ya nyasi. Lile boga liliuzwa mara tatu.

Tulipata dola 2,860 zote pamoja, na mnada peke yake ulileta 940. Nusu imeenda shuleni kununua vitabu vya maktaba. Nusu nyingine imeingia kwenye mfuko wa Bega kwa Bega, ule ushirikiano wa sinodi ya hapa na Dayosisi ya Iringa, kusomesha watoto wa huko. Mwambie Tumaini taratibu, usimgombeze: hela ya maboga haikuwa yangu hata senti moja, na iliyokuwa ya watoto inarudi nyumbani kwetu. Ya bati natoa mfukoni mwangu, na naitoa kwa moyo.

Usiku ule baada ya kufagia maegesho nilibeba maboga mawili yaliyobaki nikayapika na sukari kidogo na chumvi. Haya ya kuchonga yana maji mengi, hayana utamu wa yale ya nyuma ya choo chetu. Majani ya maboga watu wa huku hawali kabisa. Septemba niliomba kwa mkulima wa nje ya mji kabla baridi haijayaunguza, akanipa gunia zima bure, akashangaa nilivyoshukuru. Nikamenya nyuzi zake mezani na Ima, nikimuonyesha ulivyonionyesha, kidole hapa, vuta, usikate. Alitaka kujua kama Bibi anamenya haraka kuliko mimi. Nikamwambia hajazaliwa wa kukushinda.

Msalimie Shangazi, wasalimie wote wa Kihesa, na Mama Upendo mwambie kitenge alichotuma ndicho nilichovaa juu ya lile robota. Tumaini nampenda, ajue.

Na Baba Mkubwa mpe shikamoo yangu, umwombe anipigie yeye mwenyewe Jumapili baada ya ibada. Huku saa zimerudishwa nyuma mwezi huu, sasa tunapishana saa tisa: saa kumi jioni kwenu, kwangu ni saa moja asubuhi, nitakuwa nimetoka zamu. Nitakaa na simu mkononi.

Mwanao akupendaye,
Neema