Kwa nini tunalipisha kazi ya kutafuta ubovu wa gari lako

Malalamiko yanayofika mara nyingi kwenye meza yetu ya mapokezi hayahusu bei ya vidanji, yaani kubadilisha mafuta ya moteri, wala bei ya piese, yaani spea. Yanahusu mstari mmoja kwenye fakitire, ile ankara yako: dianostiki, yaani kutafuta ubovu. "Mlichomeka valize dakika tano tu, mbona mnaandika saa nzima ya kazi?" Juzi Papa mmoja anayekaa mtaa wa Golf hapa Lubumbashi aliondoka amefura, akisema sisi watu wa konsesio, gereji ya wauzaji wa magari, tunaiba kwa kalamu, bora fundi wake wa chini ya mwembe kule Katuba. Hatukumjibu palepale, maana mwenye hasira hasikii. Tunajibu hapa.

Valize, ile mashine tunayochomeka kusoma kompyuta ya gari, haisemi ni piese gani imekufa. Inasema kompyuta ya gari imeona kitu ambacho haikukitarajia. Chukua kode, yaani namba ya ubovu, P0087 kwenye gari la mazuti, yaani dizeli. Maana yake ni kwamba presha ya mazuti kwenye reli, lile bomba linalogawia enjektere mazuti, iko chini ya ile kompyuta iliyoagiza, na humo kwenye reli, gari likiwa kazini, presha hupita bar 1,000. Basi, haisemi zaidi. Huenda filtre, yaani kichujio, imeziba. Huenda hewa inaingia kwenye bomba, enjektere, zile zinazonyunyiza mazuti ndani ya moteri, zinarudisha mengi mno kwenye tangi, ile vali ndogo ya pampu inakwama, pampu yenyewe imelika, au kaptere ya presha, kile kipimo kinachoiarifu kompyuta, inadanganya. Cha bei ya soda na cha bei ya kiwanja vyote vinawasha taa ileile.

Sasa mtu ananunua kale kadude ka Bluetooth ka kusoma kode, anakaunganisha na simu, simu inaonyesha P0087, kijana pembeni anatamka "pampu", na safari ya kwenda soko la Kenya, komini ya hapahapa mjini, kutafuta pampu inaanza.

Tulipokea Hilux moja ya namna hiyo, inafanya kazi ya mizigo kati ya Kasumbalesa na Kolwezi, imefika ikivutwa kwa kamba. Mwenyewe alikuwa ameshabadilisha pampu, akaweka ya okazio, yaani iliyokwisha kutumika. Gari likaendelea kuzimika mlimani. Akaambiwa ni enjektere, akanunua zote nne, nazo za okazio. Bado. Sisi tulianza nyuma kabisa, kwenye filtre. Tulimwaga mazuti yaliyokuwamo kwenye chupa nyeupe, tukaiacha itulie juu ya meza, na baada ya muda mfupi kila mtu aliona: maji chini, mazuti juu. Alikuwa ananunua mazuti ya bidoni njiani, na filtre aliyofungiwa ilikuwa ya bandia, karatasi yake imelowa na kujikunja hadi ikaziba njia. Pampu ya aina hii inalainishwa na mazuti yenyewe, hivyo maji yakifika kwake chuma kinasugua chuma. Ile pampu ya kwanza, aliyoitupa, yawezekana ilikuwa nzima.

Lakini kazi haikuishia hapo, na hili ndilo linalotuuma. Zile enjektere za okazio zilifungwa kwa rondela, yaani washa, za shaba zilezile za zamani, na namba zake hazikuingizwa kwenye kompyuta. Kila enjektere ya moteri ile ina namba yake kichwani. Namba hiyo inaieleza kompyuta jinsi enjektere inavyomwaga, na bila hiyo moteri inagonga na kutoa moshi. Rondela nayo hufungwa mara moja tu. Ukiirudisha, moshi wa mwako unapenya, unashuka kwenye mafuta ya moteri, na mafuta yanageuka masizi mazito yanayoziba kichujio cha chini pale pampu ya mafuta inapovuta. Kwa baadhi ya moteri za D-4D ubovu huo unajulikana sana: moteri inakosa mafuta, inakwama, na hapo tunaanza kuzungumza bei ya moteri nzima. Hii tuliiwahi. Tulifungua karteri, lile bakuli la mafuta chini ya moteri, tukasafisha, tukaosha tangi, tukaweka rondela mpya na kuingiza namba. Mzee alilipa, kisha akauliza kama tunaweza kumnunulia ile pampu ya okazio. Hapana, Papa.

Kwenye saa ile mnayoigombania, valize kweli inachukua dakika chache. Baada yake fundi anaendesha gari hadi ubovu ujitokeze, anapima presha, anaunganisha vichupa kwenye enjektere aone ipi inarudisha mazuti kuliko wenzake. Ubovu wa asubuhi unataka moteri iliyolala usiku mzima, kwa hiyo wakati mwingine gari linabaki kwetu na mwenye gari anadhani tumelisahau. Kazi hii haishikiki mkononi. Piese mpya inashikika, ndiyo maana watu wanalipa piese bila kelele.

Mama mmoja mfanyabiashara alikuja na RAV4 yenye P0171, yaani hewa nyingi mno kwa esansi, ile petroli, inayoingia. Alikuwa amekwisha kubadilishiwa kaptere ya oksijeni mara mbili. Tulipuliza moshi kwenye njia ya hewa, ukatokea chini ya duriti, ule mpira mweusi unaotoka kwenye boksi la filtre. Ulikuwa na ufa upande usioonekana, ufa unaofunguka moteri inapoinama mtu anapokanyaga gesi. Fakitire ikatoka na bei ndogo ya duriti na bei kubwa ya saa za kazi. Akasema tumemwibia. Ulimi ulituwasha kumwomba ajumlishe bei ya zile kaptere mbili, tukanyamaza.

Bei yetu ina kodi ya TVA ya 16%, ambayo si yetu, ni ya serikali. Saa za kazi tunazisoma kwenye kitabu cha mtengenezaji wa gari, hatuzipangi kwa kuangalia viatu vya mteja. Na hatuwadharau mafundi wa chini ya mwembe. Kwa breki, amortisere, yaani shokabu, na ambreyaji, yaani klachi, wengi wao ni mahodari, na baadhi walijifunzia kazi hapahapa kwetu.

Tunachoomba ni hiki: msifute kode kabla ya kutuletea gari. Taa inapowaka, kompyuta inahifadhi picha ya dakika ile, mwendo, joto la moteri, mizunguko. Ukifuta, au ukichomoa waya wa betri, picha inapotea na sisi tunaanza gizani kwa saa zako. Wala msipitishe moteri kwenye karcher, ile mashine ya kuoshea kwa maji ya nguvu, kwa kuona haya ya uchafu. Mafuta yanayovuja yanatuonyesha njia, na vumbi letu la Julai linashika palepale yanapovuja. Lete gari chafu. Lete na piese ulizotoa, hata zilizovunjika.

Bei ya kutafuta tunaitaja kabla hatujafungua boneti, na hatubadilishi piese yoyote bila kukupigia simu. Piese za zamani unarudishiwa ndani ya boksi. Tukikuta ni fyuzi tu, saa ya kutafuta utalipa, fyuzi tunakupa bure.