Moyo si mkono, Bwana Mhariri

Bwana Mhariri,

Kwa miaka 11 nimelisoma gazeti lenu bila kuwaandikia hata mstari mmoja. Makala yenu ya afya ya juma lililopita, iliyodai kwamba asetilikolini, kemikali ambayo neva huitumia kuipa misuli ujumbe, huamsha misuli yote kwa njia moja, ule wa moyo ukiwemo, imenishinda kuinyamazia.

Katika msuli wa paja, kipokezi cha asetilikolini, yaani protini ya seli inayoinasa, chenyewe ndicho mlango: kikiguswa kinafunguka, sodiamu inaingia, msuli unajikunja. Moyoni kipokezi hakina mlango. Kinaiamsha protini ya G, mbeba ujumbe iliyo upande wa ndani wa utando wa seli, protini hiyo inaachana vipande, na kipande kiitwacho beta-gama ndicho kinachoufungua mfereji wa potasiamu, jambo lililoonyeshwa tangu 1987. Potasiamu inatoka na mapigo yanapungua. Mwanasayansi Otto Loewi aliyashuhudia mapigo hayo yakipungua katika moyo wa chura mwaka 1921, kwa hiyo habari hii si mpya kiasi cha kuwapita.

Siku mbili baada ya makala hiyo, nikiwa zamu ya usiku, waliniletea kijana aliyekunywa dawa ya kunguni akidhani ni soda. Mate yalimtiririka, mboni zilikuwa ndogo kama tundu la sindano, nyama za mapaja zilichezacheza, na moyo ulipiga mara 42 kwa dakika, kwa kuwa dawa ya namna hiyo huzuia asetilikolini isivunjwe, ikajaa kila mahali. Nilimdunga atropini, mapigo yakapanda hadi 88, lakini mapaja yaliendelea kucheza, kama ilivyotarajiwa, maana atropini huziba vile vipokezi vya moyo vinavyotumia protini ya G na haiigusi milango ya misuli ya mapaja. Kifua kilikuwa bado kinakoroma makohozi, nikataka kuongeza dozi, ndipo baba yake mdogo, gazeti lenu likiwa kwapani, aliponishika mkono: “Mama, hapa wameandika misuli yote ni njia moja, kama mapaja hayajatulia, basi dawa yako imeshindwa, tumrudishe nyumbani.” Robo saa nzima nilibishana na ukurasa wenu wa sita, sindano mkononi, huku mgonjwa akikoroma.

Na hiyo chupa! Ilikuwa ya soda ya machungwa, haina karatasi wala alama, imenunuliwa kwenye meza moja na mafuta ya mawese. Wanaotoza ushuru wa meza hizo kila asubuhi hawajawahi kuiona?

Naomba mchoro wa nusu ukurasa, mahali pa lile tangazo la nywele bandia, kwa majuma sita: paja kushoto, moyo kulia, protini ya G kwa rangi nyekundu, na mshale wa potasiamu ukielekea nje ya seli, si ndani kama mlivyouchora. Nitaubandika ukutani kando ya kitanda cha tatu, penye kiti wanapokaa akina baba wadogo.

Muuguzi wa zamu ya usiku,
Kadutu, Bukavu