Barua kwa Baba na Mama kuhusu shamba la Tengeru

Monastir, Tunisia

Wapendwa Baba na Mama,

Shikamooni. Mimi sijambo, na bega lililokuwa likinisumbua limepoa. Nimepokea ujumbe wa Baba kwamba ukoo umeridhia nusu ya shamba la Tengeru iuzwe ili nipate fedha za kumalizia msimu wa tenisi, na nimekaa nao siku kadhaa kabla ya kujibu. Naomba shamba lisiuzwe. Naandika kwa urefu kwa sababu kwenye simu tunaishia kujuliana hali, ilhali kabla ya kuamua jambo zito kama hili ni haki yenu kujua kazi yangu inavyokwenda na fedha zake zinavyoingia na kutoka.

Baba Mdogo aliuliza inakuwaje mtu aliyemo katika orodha ya wachezaji bora wa tenisi duniani akose nauli. Orodha ya WTA, chama cha tenisi ya wanawake duniani, ina wanawake zaidi ya elfu moja, nami nimo katika mia saba na kitu. Mashindano ninayocheza hapa Monastir ni ya daraja la chini kabisa la Shirikisho la Kimataifa la Tenisi, ITF, yaitwayo W15. Bingwa wake, ambaye lazima ashinde mechi tano katika droo kuu, yaani mashindano yenyewe baada ya mchujo, hupata pointi 15 za kupanda katika orodha hiyo, wakati mchezaji anayetolewa raundi ya kwanza Wimbledon, mashindano makubwa ya Uingereza, hupata 10, na bingwa wa huko 2,000. Pointi hizo nazo hazikai: hesabu huchukua wiki 52 zilizopita, hivyo nikifika fainali Machi hii, Machi ijayo pointi zile zinafutwa, na nisipofanya vizuri tena nashuka hata kama sikuumwa wala kupumzika.

Kwa upande wa fedha, fungu lote la W15, la mchezaji mmoja mmoja na la wawili wawili, kuanzia bingwa hadi aliyetolewa mwanzoni, ni dola 15,000. Mwaka 2025 aliyefungwa raundi ya kwanza Wimbledon peke yake alilipwa pauni 66,000. Siwaonei wivu walioko kule, kwa kuwa wamezitolea jasho, lakini naona si haki kwamba daraja linalowalea wachezaji wote liachwe na makombo. ITF wenyewe walifanya utafiti wa hesabu za mwaka 2013, wakakuta kwamba mwanamke alihitaji wastani wa dola 40,180 kwa mwaka kwa ndege, hoteli, chakula, kufunga nyuzi za raketi na mengineyo, kabla hajamlipa kocha hata senti moja, na kwamba aliyeweza kurudisha gharama hizo kwa zawadi za mashindano ni yule aliyekuwa nafasi ya 253 au juu yake. Tangu hapo bei za kila kitu zimepanda. Ndiyo maana nasema fedha za shamba zingeisha ndani ya msimu mmoja, na mwaka unaofuata tungekuwa hatuna fedha, na Mama hana migomba.

Mmeniuliza pia kwa nini nang'ang'ania Tunisia wakati mashindano mazuri yako Hispania, Italia na Ureno. Hapa mashindano huchezwa wiki baada ya wiki katika hoteli ileile, kwa hiyo nalipa tiketi ya ndege mara moja na chumba nachangia na msichana mwenzangu. Ulaya ni jambo jingine kwa mwenye pasipoti yetu. Orodha ya waliokubaliwa hujulikana wiki mbili na kitu kabla ya mashindano kuanza, na muda huo hautoshi kwa viza. Tena maombi yenyewe natakiwa kuyapeleka nyumbani ninakoishi. Mzungu ninayechangia naye chumba akisikia kuna nafasi Ureno wiki ijayo, anafunga begi. Mimi nabaki, na pointi hizo anazichukua yeye. Katika mambo yote ya kazi hii, hili ndilo linaloniuma kuliko kufungwa.

Baba, unapenda kunitajia Ons Jabeur, na nimefurahi kuwa katika nchi yake, maana Ksar Hellal alikozaliwa hakuko mbali na hapa. Alichukua ubingwa wa wasichana wa Roland Garros, mashindano makubwa ya Ufaransa, mwaka 2011, lakini aliingia mia moja bora kwa mara ya kwanza mwaka 2017, na fainali ya Wimbledon ikaja 2022. Miaka sita hiyo kati ya 2011 na 2017, bingwa huyo wa wasichana alikuwa akipanda taratibu katika mashindano madogo. Angella Okutoyi wa Kenya, aliyeshinda Wimbledon ya wasichana wawili wawili mwaka 2022, alikwenda kusoma na kuchezea Chuo Kikuu cha Auburn, Marekani, ambako kocha, viwanja na matibabu viko mahali pamoja. Mdogo wangu anayefanya mazoezi klabu ya Arusha Gymkhana aelekezwe njia hiyo, na masomo yake yasiguswe kwa ajili ya raketi.

Mama, najua ulilia uliposoma matusi yale niliyoandikiwa baada ya kufungwa. Walioandika hawanijui. Mechi zetu, hata zisizo na mtazamaji uwanjani, huwekewa dau duniani kote, na anayepoteza fedha yake anamtafuta mchezaji mtandaoni. Takwimu za WTA na ITF za mwaka 2024 zilionyesha ujumbe wa matusi na vitisho wapatao 8,000 kwa wachezaji 458, na takriban asilimia 40 ulitoka kwa wacheza kamari wenye hasira. Ujumbe wa vitisho nauripoti, mengine siyafungui tena. Nakuomba wewe usiyasome. Na kaka naye, ambaye najua mikeka yake, asiweke hata shilingi kwenye tenisi, iwe mechi yangu au ya mwingine.

Sasa mpango wangu. Klabu moja ya Ujerumani imekubali kunisajili kwa ligi ya vilabu ya Mei na Juni. Watanilipa kwa kila mechi na nitakaa kwa familia ya mwanachama wao, na malipo hayo, yakijumlishwa na ya mechi za wawili wawili, yatanipeleka hadi Septemba. Hadi msimu ujao uishe nataka niwe nimepanda kiasi cha kuingia droo kuu ya W35, daraja lililo juu ya W15, bila mchujo. Nisipofika hapo, nitarudi Arusha kufundisha, na nitarudi bila deni.

Nakuja Aprili kwa ajili ya viza. Baba, naomba uniandalie nakala ya cheti cha kuzaliwa iliyothibitishwa na wakili, ili nisikae Arusha zaidi ya siku mbili kabla ya kushuka Dar es Salaam. Na kama Baba Mdogo ameshapokea malipo ya awali kutoka kwa mnunuzi, ayarudishe wiki hii mbele ya mashahidi walewale, kabla hati haijaandikwa.

Wasalimuni wote, hasa Bibi.

Binti yenu