Kabla hujatuma andiko lako

Zuhura rafiki yangu,

Salamu. Rasimu ya andiko lako la kuomba ufadhili wa utafiti wa uhifadhi wa mahindi nimeisoma yote mpaka viambatisho. Wazo lina nguvu na sina neno nalo. Kinachonitia wasiwasi ni mambo yanayolizunguka, na maandiko mengi huangukia hapo hapo kabla mtaalamu yeyote hajayafungua. Nitayataja bila kuremba.

Tangazo la ufadhili lisome kama mkataba. Lichapishe, pigia mstari kila penye “lazima”, “isizidi” na “hairuhusiwi”, kisha uyahamishie hayo kwenye karatasi moja ukaibandike mbele ya meza yako. Wafadhili wakubwa wana ofisa anayechuja maombi mwanzoni kabisa, na huyo hashughuliki na sayansi: anahesabu kurasa, anaangalia ukubwa wa herufi na pambizo, anatafuta saini. NSF, shirika la serikali ya Marekani linalofadhili sayansi, kwa kawaida hutaka maelezo ya mradi yasizidi kurasa 15, na muhtasari wa ukurasa 1 unaotenga wazi thamani ya kitaaluma na manufaa kwa jamii. Ukiyachanganya hayo mawili, ombi linaweza kurudishwa bila kusomwa. Kwa NIH, taasisi za afya za Marekani, ombi la aina ya R01, yaani ruzuku yao kuu ya utafiti, lina kurasa 12 za mkakati na ukurasa 1 wa malengo. La R21, ruzuku ndogo ya kujaribu wazo jipya, lina kurasa 6 tu za mkakati. Tangazo lako linasema kurasa 10, nawe una 14. Usithubutu kubana herufi. Futa kurasa nne za historia ya uhifadhi wa nafaka, maana watakaokusoma wanaijua.

Ukija kwenye sifa za mwombaji, watu hukosea kuhesabu tarehe. Chukua ruzuku za Umoja wa Ulaya za Marie Skłodowska-Curie kwa waliomaliza uzamivu, ambazo uliniuliza. Sharti la kwanza ni uzoefu wa utafiti usiozidi miaka 8 tangu upate shahada. Muda uliokuwa nje ya utafiti, kama likizo ya uzazi, hauhesabiwi, ila uwe na ushahidi. La pili ni kwamba usiwe umeishi au kufanya kazi katika nchi unayokwenda kwa zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 iliyopita. Miezi hiyo 36 inarudi nyuma kutoka siku ya mwisho ya kupokea maombi, si kutoka siku utakayoanza kazi. Na mwisho wenyewe ni 17:00 kwa saa za Brussels, yaani saa 11 jioni ya kwao. Wapo waliosoma 17 wakaweka 7 kichwani. Isitoshe, saa za huko husogezwa mwishoni mwa Machi na tena mwishoni mwa Oktoba, kwa hiyo tofauti uliyoizoea inaweza kuwa imebadilika.

Sasa ukurasa wa kwanza. Katika jopo linalotathmini maombi, ni wasomaji wachache, mara nyingi watatu, wanaokabidhiwa andiko lako walisome kwa kina. Wengine hupitia ukurasa wa mwanzo, huwasikiliza wenzao, halafu hutoa alama. NIH hutumia alama 1 hadi 9, na 1 ndiyo bora. Maombi ambayo alama zake za awali zimeangukia karibu nusu ya chini kwa kawaida hayajadiliwi kikaoni kabisa. Kwa hiyo ukurasa huo ndio utakaokutetea mbele ya watu ambao hawatafika ukurasa wa pili.

Sentensi yako ya kwanza ni hii: “Utafiti huu unalenga kuchunguza changamoto za uhifadhi wa mahindi miongoni mwa wakulima wadogo.” Changamoto hazipimwi, Zuhura. Kuchunguza hakuna mwisho. Ijaribu hivi: “Tutapima kama mahindi yaliyokaushwa hadi unyevu wa asilimia 13 na kufungwa kwenye mifuko isiyopitisha hewa hupoteza uzito kidogo kuliko yaliyo kwenye magunia ya kawaida, katika kaya 200, kwa miezi 6.” Hapo msomaji anajua unapima nini, kwa nani, unalinganisha na nini na kwa muda gani. Hata akikubishia, atakubishia kuhusu jambo lililopo.

Malengo yako nayo yamefungwa mkia kwa mkia. La kwanza ni kujua kama mifuko inafaa. La pili ni kuwafundisha wakulima kuitumia. Je, isipofaa? Msomaji mkali ataona mara moja kwamba lengo la kwanza likianguka, la pili linakwenda nalo, na ataandika maneno mawili tu pembeni: hatari kubwa. Weka la pili lisimame lenyewe. Ukipima kwa nini kaya huuza mara tu baada ya kuvuna, utapata jibu lenye faida hata mifuko ikishindwa.

Idadi ya kaya umeikosea, na kosa hilo limejirudia kwenye bajeti, kwa hiyo nalifafanua mara moja kwa yote mawili. Unahitaji kaya 200 mwishoni, unatarajia asilimia 20 zitajitoa, ukaongeza 40 zikawa 240. Asilimia 20 ya 240 ni 48; utabaki na 192. Hesabu sahihi ni 200 gawa kwa 0.8, yaani kaya 250. Kwenye bajeti, ukomo ni yuro 100,000 zikiwemo gharama zisizo za moja kwa moja za asilimia 25. Wewe umekata 25,000 na kubakiza 75,000 za kazi. Lakini asilimia hiyo, kwa utaratibu wa Horizon Europe, mpango wa Umoja wa Ulaya wa kufadhili utafiti, hupigwa juu ya gharama za moja kwa moja, si juu ya jumla. Gawa 100,000 kwa 1.25 upate 80,000 za kazi na 20,000 za chuo. Umejinyima yuro 5,000 kwa mkono wako mwenyewe. Angalia pia ni mistari ipi isiyoingia kwenye hesabu hiyo. Kazi unayompa mkandarasi wa nje, kwa mfano, haiingii.

Kisha oanisha bajeti na mbinu, mstari kwa mstari. Umesema kila kaya itatembelewa mwanzoni, mwezi wa 3 na mwezi wa 6. Mdadisi mmoja anamaliza kaya 5 kwa siku. Kaya 250 mara 3, gawa kwa 5, ni siku 150 za udadisi. Bajeti yako ina siku 96, na hizo ni ziara mbili kwa kaya zile 240 za mwanzo. Wasomaji wa jopo hupenda sana kuifanya hesabu hii, nadhani kwa sababu ni rahisi kuliko kubishana kuhusu nadharia. Na usisahau vitu vidogo: ada ya kibali cha maadili, makato ya benki, usafirishaji wa sampuli, uchapishaji wa makala zinazosomwa bure, uhifadhi wa data. Mstari wa “dharura” uondoe, wafadhili wengi hawaukubali. Mashine usiipangie kununuliwa robo ya mwisho, kwani utaulizwa itatumika lini.

Barua ya kuunga mkono kutoka chuoni uliyoambatisha inasema wewe ni mtafiti mwenye bidii. Haisaidii. Iseme maabara gani utaitumia, kipimaunyevu kipo, umepunguziwa vipindi vingapi vya kufundisha na kwa mihula mingapi. Iandike mwenyewe, mpelekee mkuu wa idara airekebishe na kusaini. Ofisi ya utafiti nayo uipe bajeti wiki tatu kabla.

Kuhusu wapi pa kuomba, mimi ningeanza na ruzuku ndogo ya mwaka mmoja upate takwimu za awali, ndipo niangalie kubwa. Ruzuku ya kuanzia ya ERC, Baraza la Utafiti la Ulaya, inafika yuro milioni 1.5 kwa miaka 5 na inampokea mtafiti wa taifa lolote, ila taasisi mwenyeji lazima iwe katika nchi ya Umoja wa Ulaya au iliyojiunga na mpango wa Horizon Europe. Hiyo si ya sasa hivi. Na yule aliyekuandikia kwamba umeshinda ufadhili, ulipe kwanza “ada ya kushughulikia”, mfute.

Ukikataliwa, usisome maoni siku hiyo hiyo. NIH inakuruhusu kurudisha ombi lilelile mara moja baada ya kulirekebisha. Marie Skłodowska-Curie ni kali zaidi: ukipata chini ya kiwango cha alama walichokiweka, huruhusiwi kurudi na taasisi mwenyeji ileile mwaka unaofuata. Ndiyo maana sikushauri utume “kujaribu tu”. Hata hivyo bahati ipo, na wafadhili wenyewe wamekiri kwamba maandiko ya katikati hayatofautishiki: Health Research Council ya New Zealand ilianza kupiga kura ya bahati nasibu kwa baadhi ya ruzuku zake mwaka 2013, na British Academy ikafuata mwaka 2022 kwa ruzuku zake ndogo.

Nitumie jedwali la bajeti kwanza, kabla ya maandishi, nilipitie. Ukishapakia kila kitu, pakua faili la PDF ambalo mfumo umelitengeneza, ulifungue kwenye kompyuta nyingine. Michoro hupenda kupotea hapo. Fanya hivyo siku mbili kabla ya mwisho, maana siku yenyewe mfumo huwa mzito.

Wasalaam,
rafiki yako wa siku zote