Shukrani kwa kaka wa teksi ya Mbarara

Kaka uliyekaa kando yangu kwenye teksi ya Mbarara kuja Kampala, Januari 2025, wiki ile waasi wa M23 walipoingia Goma, Kongo, ahsante sana. Macho yangu yalikuwa kwenye simu, machozi yananitoka, na abiria mmoja wa nyuma akaanza kunung'unika eti wakimbizi tumejaa, tunawanyang'anya watu kazi. Ulimgeukia bila hasira ukamwambia Sheria ya Wakimbizi ya 2006, sheria ya Uganda yenyewe, inaturuhusu kufanya kazi na kusafiri. (Wewe ni mwanasheria au mwalimu? Sikuuliza.) Akanyamaza. Kisha ukamenya chungwa, ukanipa nusu, ukauliza ndugu zangu wako mtaa gani wa Goma. Birere, nikasema. Wapo hai, kaka. Mama anakusalimu.