Muhuri wa "Uzushi" usigongwe ovyo

Ndugu Mhariri,

Tangu wizara zihamie Mtumba, mji wa Serikali, taarifa nyingi kwa umma zinaandikwa hapa Dodoma, na makanusho vilevile. Naomba nafasi niseme na maafisa uhusiano wenzangu kuhusu ule muhuri mwekundu wa "UZUSHI" tunaougonga kwenye picha za taarifa tunazozikanusha mitandaoni.

Muhuri huo ni wa waraka wa kughushi: barua yenye nembo ya kuibwa, tangazo la ajira la uongo, saini ya kubandikwa. Si wa habari ya kweli iliyovuja kabla mkubwa hajawa tayari kuitangaza. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamwadhibu anayesambaza uongo kwa nia ya kudanganya, kwa hiyo ukiita habari ya kweli uzushi unamtuhumu raia kwa kosa la jinai. Tena, mkazi wa Nkuhungu akiambiwa bei mpya ni uzushi, kisha wiki ya pili bei ikapanda, siku utakapomwonya kuhusu matapeli wa "ada ya usaili" hatakusikiliza. Atatuma pesa. Kama jambo bado linajadiliwa, andika kwamba linajadiliwa na utaje tarehe ya kutoa taarifa. Kiongozi akiikataa sentensi hiyo, heri kunyamaza. Ivy Lee wa Marekani, mmoja wa waasisi wa kazi yetu ya uhusiano, katika tamko lake kwa wahariri mwaka 1906, aliahidi kumsaidia mhariri yeyote kuhakiki taarifa alizomletea. Sisi tunaahidi nini?

Hata kanusho la haki huharibiwa na ufundi. Muhuri ukiwa pembeni, mtu anaukata kwa kidole na waraka unaanza safari upya. Ugongwe mshazari juu ya maandishi yenyewe, na namba ya simu ya tapeli ifutwe isisomeke kabisa, la sivyo wewe ndiye unayempelekea wateja. Kichwa kianze na ukweli, "Hatutozi ada ya usaili", badala ya kuurudia uongo kwa herufi kubwa. Tarehe na mwaka viwe ndani ya picha, maana ikishapita makundi kadhaa ya WhatsApp hakuna ajuaye ilitoka lini. Ndiyo sababu neno "kesho" halifai hata kwenye tangazo la kukatika maji. Maneno hayohayo yaandikwe pia chini ya picha, kwa ajili ya wasioona wanaosomewa na simu.

Kosa likiwa letu, tuache kufuta kimyakimya. Skrinishoti imeshabaki kwa watu. Andika "MAREKEBISHO" juu ya chapisho lilelile, taja kilichokosewa na kilicho sahihi, kisha yapeleke kila mahali taarifa ya kwanza ilikopita, hata redioni kama ilisomwa.

Nanyi wahariri, mkiletewa kanusho, msilichape kabla ya kuuliza kipi hasa si kweli: waraka, kiwango au tarehe?

Afisa Uhusiano,
Ilazo, Dodoma