Soseji Usizikaange, Mwanangu

Mwanangu Neema,

Picha yako niliipata usiku nikiwa kazini, wakati wa chai. Nimeikuza kwa vidole nikaitazama vizuri. Ulichopika wewe, mama, ni rosti la soseji, na sina shaka lilikuwa tamu, maana nyanya ikikaangwa na kitunguu ikaiva haimwangushi mpishi. Ila usiniambie kwamba ni coddle, kile chakula cha Dublin cha soseji na viazi vinavyopikwa polepole majini. Unasema soseji zilitoka nyeupe, mwenzako akauliza kama ulizisahau kwenye maji, nawe kwa aibu ukazitoa, ukazikaanga, ukamwaga nyanya na bizari. Ningekuwa karibu ningekushika mkono.

Hiyo aibu naijua. Nilipofika hapa Dublin, Ireland, nilipanga chumba mtaa wa Liberties, kwa bibi mmoja mjane. Mtaa ule hewa yake inanuka shayiri iliyochomwa, kutoka kiwanda cha bia cha Guinness pale St James's Gate, na mimi mgeni nilidhani kuna mtu anaoka mikate mchana kutwa. Alhamisi moja bibi akanigongea mlango na bakuli mkononi. Nikachungulia ndani: mchuzi mweupe, viazi, na soseji zinaelea kama vidole vya mtu aliyeshinda mtoni anafua. Nikasema moyoni, huyu mama amezeeka, amesahau kupika. Lakini ugenini husukumi sahani. Nikala kwa adabu kijiko cha kwanza na cha pili. Cha tatu nilikila kwa njaa.

Nitakwambia nilichokionja. Kulikuwa na chumvi ya nyama iliyoingia kwenye maji polepole, na utamu wa kitunguu kilichoyeyuka. Viazi vilikuwa vimemomonyoka pembeni vikaufanya mchuzi uwe mzito. Nikamkumbuka bibi yako Moshi na mtori wake. Mtori nao, hebu upige picha, nani atautamani?

Sasa sikia kwa nini kinapikwa hivyo. Zamani Kanisa Katoliki lilikuwa halitaki nyama Ijumaa, na Dublin ilikuwa ya Wakatoliki. Alhamisi mama wa nyumba alikusanya soseji zilizobaki na rasha, vile vipande vyembamba vya nyama ya nguruwe yenye chumvi, akazitia chungu kimoja na viazi na vitunguu, akaacha moto mdogo kabisa. Baba arudi saa mbili, arudi saa tano kutoka baa, chakula kinamngoja na hakijaungua. Hata jina linatokana na neno la kupika taratibu, maji yasifike kutokota, kwa sababu yakitokota kwa nguvu ngozi za soseji zinapasuka. Na rangi ya kahawia unayoitafuta haiwezi kuja. Nyama huanza kupata rangi hiyo joto likipita nyuzi 140 hivi, na maji yanaishia 100. Kwa hiyo weupe ule ndio unaoonyesha kwamba haikukaangwa. Mwenzako akiuliza tena mwambie hivyo.

Ndiyo maana nilipokununulia ile sufuria ya umeme ya kupikia polepole nilikuwa nawaza chakula hiki. Na hiyo sufuria ina ukoo wake. Aliyeibuni, Irving Naxon wa Chicago, alipata hataza mwaka 1940, na wazo lilitoka kwenye hadithi za mama yake kuhusu Lithuania: Ijumaa kabla jua halijazama Wayahudi walipeleka chungu cha maharage kwa mwoka mikate, kikalala kwenye tanuri linalopoa, maana Sabato hairuhusu kuwasha moto. Wayahudi na Wakatoliki, kila mmoja na siku yake, wote wanatafuta chungu kinachojipikia.

Haya, jinsi ya kufanya. Viazi kilo moja, na nunua vile vyekundu vya Rooster, vina unga. Vile vigumu vya saladi havimomonyoki, utapata viazi kwenye maji. Menya, kata vipande vinene. Hivyo vinakaa CHINI. Nimeandika kwa herufi kubwa kwa sababu mimi mara ya kwanza nilivipanga juu, nikaenda kazini, nikarudi asubuhi soseji zimeiva mpaka zimechoka na viazi bado vinalia kakara kakara. Kwenye sufuria hii moto unatoka chini na pembeni, na kiazi kinachelewa kuiva kuliko nyama. Juu ya viazi, vitunguu maji viwili vikubwa, vya kukata duara. Kisha rasha sita au saba, zikatwe katwe, na soseji nane, zile nyembamba za kawaida za kifungua kinywa. Nzima, au zikate mara mbili. Pilipili manga kwa wingi. Maji nusu lita yanatosha, hata kama hayafuniki kila kitu, kwani mfuniko hauachii mvuke na vitunguu navyo vitatoa maji yao.

Chumvi usitie. Rasha zina chumvi tayari. Onja mwisho, ndipo uamue.

Weka alama ya moto wa chini, kwa muda wa saa saba mpaka nane. Ukiwa na haraka, alama ya juu kwa muda wa saa nne, ingawa sioni faida ya kuiharakisha sufuria iliyonunuliwa kwa uvivu wake. Nyama iwe imeyeyuka barafu kabla hujaitia, ikiganda inakaa muda mrefu kwenye joto la uvuguvugu na utaumwa tumbo. Na mfuniko usiufunue! Nakujua wewe, huwezi kupita jikoni bila kuchungulia. Ukifunua mara moja tu, joto linatoka na umejiongezea karibu nusu saa.

Ukipakua, nyunyiza yale majani ya parsley, mabichi, na kula na mkate wa magadi wenye siagi. Usikune kichwa kutafuta ugali, mchuzi huu unataka mkate.

Limebaki la karoti. Bibi yule wa Liberties alikuwa mtu mpole sana, lakini ukimtajia karoti kwenye coddle alikuwa kama umemtukania ukoo. Shayiri, labda, kwa watu wa mtaa wa pili. Wengine humimina pakiti ya supu ya mkia wa ng'ombe ili ipate rangi, na hao hakuwasema kwa jina. Karoti hapana. Nimeishi hapa miaka yote hii na nimeona familia zikibishana juu ya jambo hilo kwa dakika arobaini, chakula kinapoa mezani. Mimi nilichagua upande mapema, upande wa aliyenilisha.

Leo ni Alhamisi. Nimerudi kutoka kazini nikakuta mama yako ameshaondoka kwenda zamu, na sufuria yetu inapumua polepole pale kwenye kona. Nimeuchungulia mfuniko wake wa kioo bila kuufunua. Kuna kitu cha rangi ya chungwa kule chini, chini kabisa, kimefichwa chini ya rasha. Sijasema kitu. Wewe pia usimwambie kwamba nimeona.

Baba yako